Njia Ndefu ya Bibi Harusi

Jumanne, tarehe kumi na tisa, saa nane na robo mchana. Hiyo ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika, na wala bundi hakulia kunionya. Jua lilikuwa linawaka vizuri tu.

Wiki iliyopita mliniacha nimesimamisha gari la farasi katikati ya mtaa wa wafua shaba. Nimefunua pazia. Ndani amekaa yule bibie aliyekodi gari zima peke yake, mapazia yafungwe, asionwe na mtu. Ameshika tumbo, uso umemkunjamana kwa uchungu wa uzazi. Nikamwuliza nimpigie nani simu.

Akanijibu:

"Mpigie yeyote, baba, ila si Bwana Taratibu. Ndiye baba yangu mzazi."

Nikaliachia pazia.

Aliyekuja leo kwa mara ya kwanza asogee karibu nimweleze. Bwana Taratibu ni mkuu wa ofisi inayotunza mji wetu wa kale. Jina alilopewa na mama yake tumeshalisahau. Hili tulimpa sisi, kwa sababu ukimwomba hata maji ya kunywa atakwambia kuna taratibu zake. Ndiye aliyekataza magari kuingia ndani ya kuta za zamani, wageni wapige picha bila moshi. Ndiye aliyefunga minyororo kwenye malango.

Na mke wangu alipoanguka jikoni, kijiko cha mchuzi mkononi, gari la wagonjwa lilisimama nje ya mnyororo huo huo. Taa zinazunguka, mlinzi anasema kuna taratibu, mpaka mkubwa aridhie. Mkubwa alikuwa mkutanoni. Aliporidhia, mke wangu tulishamfunika shuka.

Watu huniuliza, si huko kukataza magari ndiko kulikokupa wewe kazi? Ndiko. Nakula mkate uliokandwa na mtu aliyeniulia mke. Ladha yake naijua mimi peke yangu.

Basi binti yake ndiye aliyeketi ndani ya gari langu. Damu ya mtu yule.

"Baba," akasema, "chupa imepasuka."

"Gari la wagonjwa?"

"Nimeshapiga. Wanasema limekwenda mbali, tujikokote wenyewe. Nipeleke hospitali, baba yangu. Nakuomba kama mwanao."

Hospitali iko ng'ambo tu ya barabara, ukishatoka Lango la Chini. Nikapanda kitini pangu, nikashika hatamu. Nyuma ya mgongo wangu kuna kidirisha kidogo cha kusemea na abiria. Nikamsikia ameshika simu.

"Mume wangu? Tuko njiapanda ya wafua shaba. Ndiyo, ndani ya gari la farasi. Usinifokee, najua ulinikataza! Njoo hospitali, tutakutana huko."

Njiapanda.

Pale pana njia mbili. Ya kulia inateremka moja kwa moja mpaka Lango la Chini. Ya kushoto ni ile ya wageni: unapanda mnarani, unaizunguka mahakama ya zamani, unapita nyuma ya soko la vitambaa, unarudi pale pale ulipoanzia. Ni njia ya mtu asiye na haraka.

Nikajiambia mawe ya njia ya kulia yameng'oka, yatamtikisa mgonjwa. Nikajiambia kushoto kuna kivuli. Mwongo akikosa wa kumdanganya hujidanganya mwenyewe.

Ukweli, msomaji, ni huu. Nilitaka damu ya mtu yule ionje kungoja. Nilitaka siku moja tu, katika nyumba moja tu ya wakubwa, mtu aulize "tumefika?" na asijibiwe.

Mkono wa kushoto ukavuta hatamu.

Farasi wangu jike tunamwita Bibi Harusi, kwa vile hatembei mpaka abembelezwe. Akageuza shingo kama anayeuliza, una hakika? Nikamwambia, "Haya, mama." Akapanda mlima wa mnara, kwato zinagonga mawe, ko, ko, ko, kama fundi asiye na mteja.

"Tumekaribia, baba?"

"Karibu, mwanangu."

Neno hilo "mwanangu" lilinitoka lenyewe. Likanichoma ulimi.

Chini ya mnara, kwenye kituo, alikuwapo mwenzangu tunayemwita Kofia, mdomo wake haujawahi kula likizo.

"Mzee! Mapazia mchana kweupe! Umeoa tena, hata mwaliko hutupi?"

"Funga bakuli lako!"

"Haya, fungate njema! Usimchoshe bibi, wewe mwenyewe magoti yako yanalia kuliko gari!"

Madereva wote wakacheka. Mimi sikucheka. Ndani ya gari bibie alikuwa anauma kitambaa asipige kelele, nasikia pumzi zake kidirishani, fupi fupi, kama mtu anayepuliza moto.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Baba, Mungu akuzidishie. Mwingine angenishusha nisimchafulie viti vyake."

Wasomaji, kuna matusi na kuna shukrani. Tusi nimelizoea, nalikung'uta kama vumbi. Ile shukrani ilinikaa kifuani, haipandi, haishuki. Nikaanza kutafuta pa kugeuzia gari. Mtaa mwembamba, ukuta huku na ukuta huku. Nikasema moyoni, nikifika mahakamani nitageuza. Tutakuwa hatujapoteza kitu. Kidogo tu.

Hapo gurudumu likaingia kwenye shimo, gari likaruka.

"Taratibu, baba!" akalia. "Taratibu!"

Na Bibi Harusi akasimama. Tii! Kama amepigwa msumari.

Lazima niwafafanulie. Farasi huyu ukisema "taratibu" mara moja, anapunguza mwendo. Ukilisema mara ya pili, anasimama kama jiwe, na hatoki hapo mpaka umbembeleze. Alifundishwa hivyo tangu angali mtoto. Abiria hawajui. Kofia hajui. Nikimsimamisha, wao hudhani ni ufundi wa hatamu.

Sasa sikia kilichotoka ndani ya gari. Kicheko! Kicheko chembamba, kimechanganyika na kuguna.

"Kumbe ni kweli!"

"Kweli nini?"

"Anasimama akisikia lile neno! Mume wangu aliniambia, nikadhani ananichekesha tu."

Nikageuka. Dereva wa gari la faragha hageuki, ndiyo adabu ya kazi yetu. Nikageuka mzima mzima.

"Mume wako amejuaje?"



"Si ndiye aliyemfundisha, baba. Kwa vipande vya karoti."

Duniani walikuwapo watu watatu waliojua habari ya karoti zile. Mimi. Marehemu mke wangu, aliyekuwa akigombana na aliyeziiba jikoni. Na aliyeziiba, mwanangu wa pekee, fundi bomba, aliyeondoka nyumbani baada ya mazishi akisema amechoka kula chakula kilichopikwa kwa hasira. Nilisikia uvumi kwamba ameoa. Ameoa nani, sikuuliza. Kiburi kilikuwa kimeniziba masikio.

"Alinikataza nisije," bibie akaendelea kwa shida. "Alisema hasira zako hazina mlango wa kutokea. Nikasema, basi nitakodi gari kama mgeni, nimsikilize tu anavyoongea. Nisingesema kitu. Nimekusikia, baba. Sauti yako ni yake."

Nyuma ya pazia lile alikuwamo mkamwana wangu. Ndani ya mkamwana wangu alikuwamo mjukuu wangu. Na mimi nilikuwa nawatembeza kama watalii!

Sijui niliteremka vipi. Nilimshika Bibi Harusi kichwani, nikamrudisha nyuma, gurudumu likakwangua ukuta, rangi ikatoka, mtu dirishani akanitukana ukoo mzima. Gari likageuka.

"Haya mama! Haya Bibi Harusi! Haya, haya, haya!"

Tukashuka mlima ule kama ndoo iliyokatika kamba. Kofia alipotuona tunarudi mbio aliinua mkono kutania, akauteremsha bila kusema neno. Njiapanda. Kulia. Nyoosha.

"Shikilia, mwanangu!"

"Nimeshikilia, baba. Yeye ndiye hashikiliki!"

Mbele nikaliona Lango la Chini. Na sikuamini macho yangu: mnyororo umelala chini! Leo, kati ya siku zote, uko chini! Ng'ambo yake barabara, na ng'ambo ya barabara hospitali, naliona bango lake, naona hata nesi anayenunua maji mlangoni.

Nikasema, Mungu hajanitupa.

Halafu nikaona kwa nini mnyororo uko chini. Kundi la wageni limesimama kando, wameletwa kuoneshwa lango. Na mbele yao, suti nyeusi, kidole juu anaeleza habari za mawe, yule yule. Bwana Taratibu.

Akageuka akaona gari la farasi linateremka kwa kasi kwenye watu. Mara hii, nakubali shingo upande, mtu huyo alikuwa na haki. Kulikuwa na watu pale. Yeyote mwenye akili angepiga kelele. Akainua mikono miwili akapaza sauti:

"Taratibu, wewe! Taratibu!"

Tii!

Pua ya Bibi Harusi juu ya mnyororo. Hatua moja zaidi tungekuwa tumepita.

Na mlinzi, akitaka bidii yake ionekane na mkubwa, akaurukia mnyororo, akauinua, akaubana na kufuli. Kwaa!

"Gari la farasi halitoki kwa lango hili," akasema Bwana Taratibu, anahema. "Hujui? Kuna tarati—"

"Usilitaje hilo neno!"

"Neno gani? Taratibu?"

Bibi Harusi akajikita zaidi, masikio nyuma. Wageni wakaanza kucheka, wakatoa simu wapige picha.

"Mkubwa, nina mgonjwa!"

"Kila mtu ana mgonjwa akifika langoni. Rudi lango la juu."

"Nina mjamzito ndani, chupa imepasuka!"

"Basi uje na kibali. Sisi hatufanyi kazi kwa kukurupuka, tunafanya kwa—"

"Babaaa!"

Sauti hiyo ilitoka nyuma ya pazia. Tukaitika wote wawili kwa pamoja, mimi na yeye:

"Naam!"

Tukatazamana.

Nilimwona mtu yule anabadilika. Kidole chake kilishuka kwanza, kisha mabega, kisha taya. Alikwenda kwenye pazia akalifunua kwa ncha za vidole, kama linaunguza. Sikuona alichokiona. Nilisikia tu:

"Mama... ni wewe?"

Hakuwa amesema naye tangu alipomkatalia kuolewa na fundi bomba, mtoto wa dereva wa farasi. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Wakati huo nilijua tu kwamba ameligeukia lango akapiga ukelele uliowanyamazisha wageni:

"Fungua!"

Mlinzi akasimama wima. "Mkubwa, ufunguo uko ofisini."

"Kauchukue!"

"Ofisi imefungwa mpaka saa tisa. Ndiyo taratibu uliyoiweka wewe mwenyewe, mkubwa."

Kama ningekuwa mtu mwingine, siku nyingine, ningecheka mpaka nikae chini. Mchimba kisima amekiingia. Lakini nilipotazama ndani ya kisima hicho, nilijiona na mimi nimo, tena nilitangulia.

Niling'oa godoro la kiti. Tukamlaza juu yake, yeye akashika huku, mimi nikashika kule. Tukainama chini ya mnyororo. Suti yake ikanasa, ikachanika mgongoni, hakujua. Tukavuka barabara, magari yanapiga honi, wazee wawili maadui wamebeba mzigo mmoja, na mzigo wenyewe umewashika wote wawili mikono.

"Baba," alisema. Sijui alimwita nani. Sote tuliitikia tena.

Nesi wa mlangoni aliacha chupa yake ya maji sakafuni. "Leteni huku! Huku!" Milango ikafunguka, ikafungwa. Tukabaki kwenye benchi la korido, ukuta umepakwa kijani mpaka usawa wa kifua, juu mweupe. Kati yetu pana nafasi ya kukaa mtu.

Baada ya muda nesi akatoa kichwa.

"Mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka. Tunampasua sasa hivi. Mmekawia, wazee. Mngewahi kidogo tu, nisingekuwa nasema na nyinyi hivi."

Akaingia.

Bwana Taratibu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ni mimi," akasema. "Ningefunga mdomo wangu tu, mngepita."

Akasugua kiatu kwa kiatu.

"Na mkeo pia."

Nikageuza shingo.

"Unadhani sikujua? Mlinzi alinipigia simu nikiwa mkutanoni. Niliiona inaita. Nikaizima, nikaendelea kusoma hotuba." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nakuona pale kituoni na gari lako, napita mtaa mwingine. Nisamehe. Sitaki unijibu leo. Nisamehe tu."

Neno hilo nilikuwa nimelisubiri tangu siku tuliyomzika mke wangu. Nilishalifanyia mazoezi. Nilijua nitakavyosimama, nitakavyomtazama, matusi nitakayomvurumishia, lipi liwe la kwanza na lipi la mwisho. Sasa limekuja lenyewe, mbele ya ukuta wa kijani, na mimi sina pa kulipokelea. Mikono yangu ilikuwa imejaa.

Ningeweza kumwambia. Sentensi ilikuwa fupi: mkubwa, kabla yako nilianza mimi. Nilizunguka. Ilikuwa kwenye meno.

Unajua nilisema nini?

"Ni mipango ya Mungu."

Akanishika mkono akaubusu. Mkono wa kushoto.

Laiti angenipiga!

Kabla sijauvuta, mlango wa nje ulisukumwa. Kijana ameingia, suruali imelowa mpaka magotini, bisibisi bado imo mfukoni. Hata kama ningekuwa kipofu ningemjua kwa mwendo. Amekonda. Ana ndevu sasa, ndevu za wajomba zake, upande wa mama.

Aliniona. Hakunisalimu. Alimwendea Bwana Taratibu, akamkamata kola.

"Wewe! Mama yangu hakukutosha? Hakukutosha?"

"Hakunitosha," mzee yule akajibu pole pole, hata hajaribu kujinasua. "Ni mimi, kijana wangu. Baba yako alifanya kila alichoweza. Alikuja anakimbiza farasi kama umeme. Mimi ndiye niliyemzuia."

Mwanangu akamwachia kola. Alikuwa anahema. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani akanitazama machoni. Nilitamani asiyatazame.

"Kumbe ni wewe uliyemleta."

"Ni mimi, baba."

"Ahsante," akasema. Akakaa kwenye ile nafasi katikati yetu. Akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Nikaona bega lake limegusa langu na halijaondoka. Nikathubutu kupumua.

Halafu akafumbua macho. Akayafinya kidogo, jinsi anavyofanya akitafuta bomba linavuja wapi.

"Alinipigia mkiwa njiapanda ya wafua shaba," akasema. "Nilisikia kwato za Bibi Harusi kwenye simu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mji. Nimetafuta pikipiki, tumekwama kwenye foleni, nimebadilisha pikipiki. Na mlinzi wa langoni ananiambia mmefika sasa hivi tu."

Akaitoa bisibisi mfukoni, akawa anaigeuza geuza.

"Nimekulia juu ya gari lile. Kutoka njiapanda unakata kulia, unanyoosha. Mtoto mdogo anafika kwa miguu."

Bwana Taratibu akainua kichwa polepole, akanitazama. Nyuma ya milango ya chumba cha upasuaji palikuwa kimya, halii mtoto wala halii mtu mzima.

"Baba," akasema mwanangu, "mlipita wapi?"